Kasongo–Kabambare: mgeni akifika nganda, anapokelewaje?

Katika vijiji vya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, msafiri hatafuti hoteli. Anatafuta nganda: paa la majani, benchi mbili za mbao, bido la malafu kivulini, na mama anayewajua karibu wote wanaopita. Wachuuzi wa kinga, watu wa piki piki na wachimba dhahabu wanaoelekea Namoya na Salamabila wanapumzika hapo. Wanakula wali na sombe, na wanauliza habari za mbele: daraja liko nzima? Njia ina usalama?

Desturi inajulikana. Mgeni anasalimia wazee kwanza, anasema anatoka wapi na anakwenda wapi, ndipo anakaa. Mwenye nganda anamimina, anaonja yeye mwenyewe, kisha anampa mgeni, ili aone hakuna sumu. Asiyekunywa hachekwi. Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi tangu wakati wa Tippu Tip, na chai ya moto inampa mtu heshima ileile.

Huko Uingereza, vijiji vingi vina nyumba ya namna hiyo, inaitwa pub. Jina lake ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote. Lakini mgeni akifika mara ya kwanza anaweza kukaa mezani akingoja, na asije mtu. Huko kwa kawaida unakwenda mwenyewe kaunta, unaomba, unalipa papo hapo. Marafiki wananunuliana kwa zamu, na anayekunywa za wenzake kisha kuondoka kabla ya zamu yake, watu hawamsahau. Bia inapimwa kwa pinti moja, mililita 568. Hapa kipimo ni kikombe cha mama, na ukikidharau umemdharau mwenyewe.

Malafu hayangoji. Asubuhi ni matamu, jioni yana nguvu, kesho yanaelekea kuwa siki. Hayawezi kuwekwa stoo hadi siku ya soko. Mgeni anayenunua leo ndiye anayemsaidia mgema kurudisha jasho la kupanda ngazi, na mama kupata pesa ya shule ya watoto. Kwa hiyo wenyeji wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kabambare imezoea wageni. David Livingstone aliiandika kwa jina la Bambarre. Mwaka 1870 alirudi hapo miguu ikiwa na vidonda, akakwama mpaka Februari 1871 kabla ya kuendelea na safari ya Nyangwe. Mtu asiyeweza kutembea anaishi kwa wema wa wenye mji.

Leo wema huo unajaribiwa. Miaka ya vita na makundi yenye silaha imefanya uso usiojulikana uogopeshe. Salamu inageuka mahojiano. Bei ya kikombe inapanda kwa sababu mteja ni wa kupita tu. Pengine anapewa lotoko badala ya malafu, kinywaji ambacho huwezi kujua nguvu yake kwa kukitazama, kisha anapanda piki piki kuelekea daraja la miti. Hapo si starehe tena, ni uhai wa mtu na wa abiria aliyembeba.

Wageni nao wana lawama zao. Kuna wanaokunywa kwa deni na kupita njia nyingine wakirudi. Kuna wanaomsumbua binti anayehudumia, eti kwa kuwa wana pesa ya dhahabu. Mama aliyeumizwa na mmoja anawafungia uso kumi wanaofuata, na anayeumia ni yule mchuuzi asiye na kosa aliyefika usiku na mvua.

Dawa haihitaji mradi wala pesa kutoka Kindu. Mwenye nganda aseme bei kabla ya kumimina, na ataje wazi kilicho ndani ya kikombe. Dereva wa piki piki aachiwe chai. Mgeni asalimie, alipe, aage. Barabara hii ni mbovu, na kila anayeipita ataharibikiwa siku moja. Aliyeacha deni atalala porini na kinga yake. Aliyelipa atafunguliwa mlango.