Kuanzisha au Kutayarisha?

Katika zoezi la tafsiri nilipewa maelekezo ya libsodium, maktaba ya programu inayotumiwa kusimba ujumbe ili usisomwe na asiyehusika. Kanuni yake ya kwanza yasema kwamba kabla ya kuitumia kwa lolote, lazima iitwe amri ya sodium_init. Rasimu tuliyoikuta iliieleza kuwa ni amri ya "kuanzisha". Nililikataa neno hilo.

Kilichoanzishwa kimeshaingia kazini: duka, shule, ugomvi. Amri hii haifichi hata herufi moja. Inachagua mbinu zinazoifaa kompyuta iliyopo na kuandaa chanzo cha nambari za nasibu. Kisha inajibu: 0 imefaulu, 1 ilikwisha kufanyika, -1 imeshindwa. Programu isiyosikiliza jibu hilo huenda ikaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Wacheza karata watanielewa. Karata zilizolazwa kifudifudi bila kuchangwa hazitofautiani kwa macho na zilizochangwa, ila anayejua zilivyopangwa anajua ulichoshika.

Nasibu ikikosekana, madhara si ya kubuni. Mwaka 2006, katika mfumo wa Debian, mistari miwili ya OpenSSL iliondolewa. Hadi kosa lilipotangazwa mwaka 2008, funguo zilizoweza kuzalishwa zilikuwa 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa, katika aina moja ya kompyuta. Kompyuta inazijaribu zote upesi. Na kila mmoja, ukiutazama, ni fumbo kamili!

Kwetu ni Masisi. Wajomba wako Walikale. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024, Masisi-Centre Januari 2025, na Machi vita vikafika Walikale-Centre. Huko orodha ya majina, nani amekimbia, nani ameshuhudia nini, yaweza kumuua mtu. Kijana wa Goma anayeandika programu ya kutunza orodha hiyo akisoma "anzisha", ataichukua kama hodi ya mlangoni. Akisoma "tayarisha, kisha hakikisha iko tayari", atauliza: na isipokuwa tayari? Basi programu isimame palepale, isipokee jina hata moja.

Mwalimu alipinga kwamba "kutayarisha" limechakaa, ni la chai na ripoti. Ni kweli. Lakini mtu akiuliza "tayari?" anaweza kujibiwa "bado", na jibu hilo ndilo -1 yenyewe. Tulibishana hadi kipindi kikaisha. Katika nakala iliyokabidhiwa yamebaki maneno yote mawili, la kwangu likiwa kwenye mabano.