Mto wa bibi yangu unaanzia nchi jirani

Juzi nilikuwa Kongo, kule Diani mwisho, narekodi machweo kama kawaida yangu. Si mnapajua? Msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, mibuyu minene, na Mto Mwachema unaingia baharini hapo hapo mbele yako. Akaja mgeni mmoja Mrusi, akaniuliza huu mto unaitwaje. Nikamwambia. Unatoka wapi? Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua mambo: "Milima ya Shimba."

Akaniambia yeye amezaliwa Samara, kando ya Volga. Basi nikapewa somo. Volga unaanzia kwenye vilima vya Valdai, kaskazini magharibi mwa Moscow, unatembea kilomita 3,530, hakuna mto mrefu kuushinda Ulaya nzima, na mwisho wake ni Caspian, maji yasiyo na mlango wa kutokea baharini. Warusi wanauita mama. Yote hayo aliyasema bila kugusa simu. Kisha akauliza, "Na wewe, mto wa kwenu ni upi?"

Kwa mama yangu ni Vanga. Mto wa Vanga ni Umba. Nikamwambia jina, akauliza unaanzia wapi. Nikanyamaza. Wallahi niliona aibu. Jiografia nilipata B, na mpaka leo naweza kukuchorea mfereji wa meli wa St. Lawrence kule Kanada na maziwa yake yote. Lakini mto uliobeba godoro la bibi yangu sikuujua kichwa chake.

Hilo la godoro nitalifikia.

Nimesoma, nimeuliza, halafu Jumamosi nikashika matatu Ukunda mpaka Lunga Lunga, bodaboda mpaka Vanga. Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, kwenye msitu wa Shagayu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko kuna baridi ya kuvaa koti. Unashuka mpaka nyika kavu mashariki mwa Mkomazi, unapita bonde lenye vito (yakuti za Umba zinajulikana na wafanyabiashara wa vito duniani kwa rangi zake za ajabu), ndipo unavuka mpaka na kuingia Kwale. Kama kilomita 200 hivi. Kilomita za mwisho ndizo zetu, mikokoni hapo Vanga.

Sasa skizeni hii. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana kugawana nchi za watu, na mstari wao ulianzia wapi? Kwenye mdomo wa Mto Umba. Kutoka hapo uende moja kwa moja mpaka Ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, ufike Ziwa Viktoria. Mkataba wa 1890 ukaurudia mto huo huo. Baadaye ncha ya mstari ikasogezwa kusini kidogo, kwenye Ras Jimbo, ndiyo maana leo mdomo uko Kenya na kichwa kiko Tanzania. Kila ukiona ramani ya Kenya, ule mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula, uanze kuufuata kutoka Vanga. Kijiji ambacho wengi wenu mnaonifuata hamjawahi kufika, na nauli ni ya kawaida tu.

Na watu walikuwepo kabla ya rula. Wavumba walikuwa na mji wao, Vumba Kuu, karibu na mpaka wa leo, na Kivumba bado kinasemwa Vanga na Wasini. Wadigo wako pande zote mbili. Januari 1915 wazungu wakapigana Jasini, kilomita chache tu kutoka Vanga. Jeshi la Kiingereza, wengi wao askari kutoka Uhindi, likasalimu amri kwa von Lettow-Vorbeck tarehe 19. Nilipomuuliza bibi kama aliwahi kusikia vita hivyo, akaniuliza kama nimekula.

Haya, godoro. Nilikuwa darasa la sita, tumeenda kwa bibi likizo ya Aprili. Siku hiyo Vanga haikunyesha hata tone. Jua kali, nguo zimekauka kabla ya adhuhuri. Usiku wa manane mjomba akatuamsha, maji yako kwenye magoti. Maji mekundu, mazito, yana majani na vijiti vya mbali. Na ilikuwa bamvua, bahari nayo imejaa, kwa hiyo maji ya mto hayakuwa na pa kwenda. Godoro likatoka mlangoni likielea. Magunia mawili ya mpunga yakalowa, na hiyo ilikuwa mbegu ya msimu pamoja na chakula cha nyumba. Mimi nililia kwa sababu ya viatu vyangu. Bibi hakulia, ila kesho yake nilimwona anaanika mpunga uliokwisha kuota, anaugeuza kwa mkono, anaugeuza tena.

Miaka yote nilidhani ni balaa isiyo na sababu. Kumbe mvua ilinyesha Usambara. Kule miteremko inalimwa mboga, mvua kubwa ikipiga udongo unateremka, na sisi huku chini tunapokea maji ya mvua ambayo hatukuiona. Tope hilo hilo ndilo linalolisha mashamba ya mpunga na mikoko, ile ambayo watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanailinda na kuuza hewa ya kaboni yake. Kwa hiyo siwezi hata kuuchukia mto wenyewe.

Ninachokasirikia ni kingine. Maji yanavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho, lakini siku ile habari haikuvuka. Maji yalikuwa na safari ya saa nyingi kutoka milimani, na bibi alilala bila kuambiwa na mtu yeyote. Na sisi tunaojiita sauti za Pwani tunaposti mchanga mweupe wa Diani kila siku kana kwamba Kwale inaishia Msambweni. Najisema mimi wa kwanza. Nina video nyingi za machweo na sina hata moja ya Umba.

Mama anataka bibi ahamie kwetu Ukunda. Wamegombana juu ya hilo mpaka hawapigiani simu. Jumamosi nilijaribu kumshawishi, nikiwa na ramani yangu kwenye simu, nikimwonyesha Shagayu kama mwalimu. Akatazama kwa adabu. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi maji yakigeuka rangi najua mlimani kumenyesha. Kesho au kesho kutwa yatakuja mengi. Usiku ule kulikuwa giza, sikuona rangi."

Usiku ule kulikuwa giza. Basi nikafanya ninachoweza. Binamu yangu ameolewa Lushoto. Nimemwomba kila mvua kubwa ikipiga upande wa Mlalo anitumie ujumbe wa sauti, mimi nampigia bibi na mjomba. Mfumo wetu wa tahadhari ni huo, watu wanne na bando la simu. Kama unaye mtu wako huko juu, mwambie naye, na unitafute tuunganishe.

Jana saa tatu usiku ujumbe wa kwanza ukaingia. Nyuma ya sauti ya binamu unasikia mabati yanavyopigwa. "Huku tangu alasiri haijakatika." Nikampigia bibi upesi upesi. Simu ikaita sana, nikaanza kutetemeka. Akapokea, ananong'ona kama mtu aliyeamshwa.

"Mpunga nilishaupandisha darini jioni," akasema. "Mwambie mama yako."