Safari ya Tutaona

Mbwa wetu huitwa Tutaona. Marehemu baba ndiye aliyempa jina hilo siku alipoletewa mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, mwembamba, mwenye mkia uliojikunja. Mama aliuliza, «Na huyu naye atalinda nyumba?» Baba akajibu, «Tutaona.» Basi akailinda miaka sita, wala hakuibiwa hata kuku.

Baba alifariki mwaka 2021 huko Likasi, mji ambao zamani uliitwa Jadotville. Sisi watoto tulipatana kwamba mama asikae peke yake, bali aje kwangu Lubumbashi. Naye alikubali kwa sharti moja tu: Tutaona aende pamoja naye. Sikuliona kuwa neno zito. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi, na barabara ni ya lami. Nilidhani kazi kubwa itakuwa kubeba vitanda na masufuria.

Mwezi wa saba mwaka 2022 nilipata konji, nikaenda kumchukua, na mke wangu na watoto pamoja nami. Jumamosi asubuhi tulimlisha Tutaona mpaka akashiba kabisa, ili asione njaa njiani. Kisha nikamkamata shingo, nikamsukuma ndani ya motokari. Alitetemeka, akapiga miayo, akadondosha ute mwingi. Alipoanza kulia nilimpiga kofi ili anyamaze. Leo naona haya kuliandika. Hatujafika daraja la Lufira akatapika juu ya kitenge cha mama. Nikasimama kando. Mlango ulipofunguka alitaka kurukia barabarani, penye malori ya shaba, nami nilipomvuta akanitia meno mkononi.

Mama akashuka taratibu, akakaa juu ya jiwe.

«Mwanangu, unirudishe kwangu,» akasema. «Baba yako alitolewa katika nyumba ile kwa motokari, hakurudi tena. Mbwa huyu aliikimbilia motokari ile mpaka njia kuu. Wewe humwelewi. Mimi sitamvuta kwa nguvu, wala sitamwacha.»

Nikageuza motokari. Safari nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno.

Jeraha niliosha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha nikaenda hospitali bila kungoja, maana kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona. Kwa bahati Tutaona alikuwa na karatasi ya chanjo. Baba hakukosa hata mwaka mmoja, na mama akaifuata desturi ile. Lakini shida kubwa ilibaki. Mpangaji alikuwa amekwisha kulipa, naye angeingia tarehe 1 ya mwezi wa nane. Zilinibakia siku 22.

Nilikwenda kwa mganga wa wanyama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: «Kabla ya siku ile, Tutaona amepanda motokari mara ngapi?» Nikahesabu. Mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kwenda kuchomwa sindano. Mganga akacheka. Akanieleza habari za mtaalamu mmoja Mrusi, Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, ambaye mbwa wake walitoka mate kwa kusikia tu ishara iliyotangulia chakula. Mbwa hufungamanisha mambo mawili yajayo pamoja. Kwa Tutaona motokari ni sindano, basi. Mama hakuhitaji Mrusi kuyajua hayo, lakini alifurahi kusikia kwamba wataalamu wanakubaliana naye.

Tena kuna ugonjwa wa mwendo wenyewe. Ndani ya sikio kimo kiungo kidogo kinachopima mwendo na usawa wa mwili. Sikio husema tunakwenda, macho yaona kiti kilichotulia, na tumbo huchafuka. Mbwa wachanga huona taabu hiyo zaidi, na wengi hupona wakikua. Kwa mbwa mzima kama wetu, mara nyingi hofu ndiyo inayozidisha mambo. Dawa za mbwa zipo, ila ni mganga azipime. Dawa ya watu usimpe mnyama kwa kubahatisha.

Tukaanza. Siku ya kwanza motokari ilisimama uani, imezimwa, milango yote wazi. Mimi nilikatazwa kumgusa. Mama aliweka kipande cha nyama karibu na gurudumu, kesho yake mlangoni, kisha juu ya kiti. Siku mbili Tutaona alinyoosha shingo, akaiba nyama, akakimbia. Jirani zetu walisimama ukutani wakicheka kuona mwanamume mwenye kazi yake akichutama saa nzima mbele ya mbwa. Siku ya nne mama alitoa sandukuni koti la zamani la baba, akalitandika juu ya kiti cha nyuma. Tutaona akapanda mwenyewe. Akanusa kola, akazunguka mara tatu, akalala. Mama aliingia ndani ya nyumba, akakaa huko kitambo.

Yaliyofuata yalikwenda mbele na nyuma. Kufunga milango hakukumsumbua. Nilipowasha mashini aliruka nje kupitia dirishani, ikatubidi kurudi kwenye milango wazi siku mbili nzima. Mwenye haraka hapa hupoteza zaidi, nami nilikuwa na haraka. Kisha tulikwenda hadi pembe ya njia na kurudi, kisha hadi uwanja wa mpira, alipokimbia na watoto mpaka akachoka. Kila mara mwisho wa safari ulikuwa furaha, kamwe si sindano. Tulimfunga mshipi unaopita kifuani, si shingoni, na dirisha tuliliacha wazi kidogo tu, kichwa kisitoke. Wala hatukumwacha peke yake ndani ya motokari iliyofungwa juani: kwa dakika 10 tu joto la ndani laweza kupanda digri 10, na mbwa hana jasho la kumpoza kama letu, hupumua kwa ulimi nje.

Tarehe 30 tuliondoka alfajiri. Tutaona hakuwa amekula tangu jana jioni. Alipewa maji kidogo. Nilikwenda polepole, bila kukata kona kwa ghafla, nikimtazama katika kioo kuliko inavyompasa mwendeshaji. Tulipoingia daraja la Lufira mama alishika rozari yake bila kusema kitu. Mbwa aliinua kichwa, akaangalia mto, akakirudisha juu ya koti.

Mbele kidogo tulisikia sauti ya kutapika. Alikuwa mwanangu mdogo, mwenye miaka minne, ambaye tulimshibisha chai ya maziwa na mikate kabla ya kuondoka. Nikasimamisha motokari. Mama alimpangusa kinywa kwa pembe ya kitenge kile kile, akanitazama.

«Na huyu,» akasema, «utamfunza lini?»