Tulsa kwa Mara ya Kwanza: Safari ya Kuokoa Bastola za Kutu

Barabara ya US 75 inatoka Dallas kwenda kaskazini, inavuka Mto Red unaotenganisha Texas na Oklahoma, kisha inapita Durant, Atoka na Okmulgee hadi Tulsa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Niliupita mara ya kwanza mwezi wa Novemba, nyasi zikiwa zimekauka na upepo ukilisukuma gari letu pembeni. Aliyekuwa akiendesha ni mjomba, kaka wa mama yangu, ambaye zamani alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya reli ya Morogoro, na sasa ni mstaafu wa Texas. Kazi anayoifanya kwa mapenzi ni moja: kutafuta rivolva (bastola zenye silinda inayozunguka) za zamani zilizotelekezwa, kuzisafisha, kuzipima, na zile zinazostahili kuzirudisha kwenye uwanja wa shabaha.

Zipo nyingi. Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake mwaka 1836. Mwaka 1857 Horace Smith na Daniel Wesson, huko Springfield, Massachusetts, wakaanza kuuza bastola ndogo ambayo silinda yake ilitobolewa moja kwa moja ili ipokee risasi yenye ganda la metali. Hataza iliyolinda mpango huo ilipokwisha mwaka 1869, viwanda vingine vikaingia sokoni, na bei zikashuka hadi mwenye duka, mlinzi wa benki na mkulima wote wakaweza kununua. Baadaye, katika miaka ya 1980 na 1990, idara za polisi za Marekani ziliachana na rivolva zikachukua bastola za magazini. Silaha nyingi zikabaki katika droo za makabati, nyingine zikiwa bado ndani ya pochi za ngozi. Ngozi hunyonya unyevu, na unyevu ukikaa juu ya chuma miaka thelathini hakuna rangi ya kiwandani itakayostahimili.

Tulsa ndiko watu hupeleka vitu hivyo. Mara mbili kwa mwaka, mwezi Aprili na Novemba, jengo kubwa la maonyesho la Expo Square hugeuka soko la silaha za kale, lenye meza zaidi ya 4,000 chini ya paa moja. Nje amesimama Golden Driller, sanamu ya mchimba mafuta yenye urefu wa takriban mita 23, mkono wake ukiwa umetua juu ya mnara wa kuchimbia. Ndani, mlangoni, kila silaha hukaguliwa na kufungwa kamba ya plastiki ili isiweze kufyatuliwa. Wazee wa Oklahoma, Kansas na Arkansas walikuwa nyuma ya meza zao, na mazungumzo yalikuwa ya sauti ya chini: nambari za usajili, miaka ya kutengenezwa, nani alikuwa na pochi ya asili.

Mjomba hakutazama meza zenye taa na vioo. Alikwenda moja kwa moja kwenye visanduku vya mbao vilivyowekwa chini ya meza, vile vya bei ndogo. "Mpwa," aliniambia, "kutu ya juu isikutishe. Tazama ndani kwanza."

Hapo nikaanza kuelewa fundi anatazama nini. Kwanza anaomba ruhusa ya mwenye meza, kisha anafungua silinda na kuhakikisha vyumba vyote ni vitupu, hata kama ameshaambiwa ni vitupu. Anapitisha mwanga kwenye mtutu atafute duara jeusi, ambalo ni dalili kwamba risasi iliwahi kukwama na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake, mtutu ukavimba. Anashika silinda na kuisukuma mbele na nyuma, kushoto na kulia. Anavuta nyundo taratibu, chumba kwa chumba, kuona kama silinda inajifunga mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Silinda isipojifunga sawasawa, risasi itaingia kwenye mtutu ikiwa upande, itanyolewa, na vipande vya risasi vitamrukia mpigaji au jirani yake.

Bastola tatu za siku hiyo zilinifundisha kuliko kitabu. Ya kwanza ilikuwa Iver Johnson ndogo, ile inayokunjika katikati, yenye picha ya bundi kwenye mpini. Ilipendeza mkononi. Mjomba aliipindua, akatazama umbo la ndani, akasema ni ya kabla ya mwaka 1909, wakati kiwanda kilikuwa bado kikizitengeneza kwa ajili ya baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, inayotumika leo, hupandisha shinikizo kwa kasi nyingine kabisa, na bawaba ya bastola kama ile haikuumbwa kuibeba. Aliirudisha kisandukuni kwa heshima. "Hii ni ya kutunzwa tu," alisema.

Ya pili ilikuwa Smith & Wesson ya Vita Kuu ya Pili, ile iliyoitwa Victory, yenye herufi V mbele ya nambari. Maelfu kwa maelfu zilipelekwa kwa majeshi ya Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwa na vyumba vya risasi fupi na nene kidogo. Baada ya vita wafanyabiashara waliongeza urefu wa vyumba hivyo ili viingie risasi za .38 Special zilizojaa madukani. Risasi ya .38 Special ni nyembamba kwa chumba kile, kwa hiyo ganda hutoka limevimba au limepasuka. Mjomba alinionyesha mkato wa fundi wa enzi hizo ndani ya chumba, na nikauona kwa macho yangu. Nayo tukaiacha.

Ya tatu ndiyo tuliyoondoka nayo: Smith & Wesson Military & Police ya miaka ya 1920, risasi sita, mtutu wa inchi nne, mpini wa mti wa jozi uliopoteza rangi. Nje ilikuwa ya kahawia kwa kutu. Silinda ilizunguka kwa shida, kwa kuwa mafuta ya zamani yalikuwa yamekauka ndani yakawa gundi. Lakini mtutu ulikuwa safi, silinda ilijifunga kila chumba, na nambari ya chini ya mpini ilikuwa ile ile iliyo nyuma ya silinda na chini ya mtutu. Kwa mjomba jambo kubwa zaidi lilikuwa umri wake. Kiwanda kilianza kupitisha silinda za aina hii motoni ili kuziongezea ugumu mwaka 1919, na hii ilitengenezwa baada ya hapo.

Sheria nayo ilikuwa na sehemu yake. Nchini Marekani mtu wa jimbo moja hanunui bastola jimbo jingine na kuondoka nayo hivi hivi. Mjomba ana leseni ya serikali kuu ya wakusanyaji, inayomruhusu kununua silaha zilizopita miaka 50 hata nje ya Texas, kwa sharti la kuandika kila moja katika daftari maalumu: jina la muuzaji, tarehe, kiwanda, nambari. Aliandika pale pale mezani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mali ya namna hii kupotea ni hatari kwa umma. Upande wangu, mgeni mwenye viza ya muda haruhusiwi kushika silaha wala risasi nchini humo ila kwa njia chache zilizotajwa na sheria, mojawapo ikiwa leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Yangu ya Texas niliilipia kabla ya safari kuanza.

Kabla ya kurudi tulipanda hadi Claremore, mji mdogo ulio kaskazini mashariki mwa Tulsa kwenye barabara ya Route 66. Huko kuna makumbusho ya J.M. Davis, aliyekuwa mwenye hoteli ya Mason na aliyejaza kuta zake kwa bunduki na bastola. Mkusanyiko wake, zaidi ya silaha 12,000, uliwekwa chini ya uangalizi wa jimbo la Oklahoma, na jengo lake likafunguliwa mwaka 1969. Nilitembea kati ya safu za vioo nikiona bastola za majina yaliyokufa zamani. Nyingi hazitafyatuliwa tena, na hakuna aibu katika hilo. Zimeokolewa, kwa kuwa zinatazamwa, zinapakwa mafuta, na historia yake imeandikwa.

Tuliporudi Texas, kazi ya mikono ilifanyika katika gereji ya mjomba. Bisibisi zake amezikata mwenyewe kwenye mashine, kila moja kwa upana wa parafujo yake, kwa sababu bisibisi isiyoenea huharibu kichwa cha parafujo iliyodumu miaka mia. Kifuniko cha ubavuni hakuking'oa kwa tindo. Alilegeza parafujo, akashika fremu na kuigonga taratibu kwa mpini wa mbao hadi kifuniko kikajiinua chenyewe. Ndani kulikuwa na uchafu mweusi, na chini yake vyuma vyenye alama za tupa ya fundi aliyevilinganisha kwa mkono. Tulivilowesha kwenye mafuta usiku kucha.

Kutu ya nje hakuiondoa kwa msasa. Alichemsha sehemu za chuma katika maji yaliyokenekwa, na kutu nyekundu ikageuka nyeusi, aina ya kutu inayokaa imara juu ya chuma na kukilinda. Kisha akasugua kwa brashi laini, akachemsha tena, akasugua tena. Rangi iliyobaki ni ya kijivu cheusi, yenye mashimo madogo hapa na pale. "Sitaki ionekane mpya," alisema. "Umri wake ni haki yake."

Uwanja wa shabaha uko nje ya mji anakoishi mjomba, mbele ya tuta refu la udongo. Tulivaa miwani na vizibo vya masikio. Mjomba alipiga kwanza, chumba kimoja kimoja, akitumia risasi za nguvu ya kawaida, si zile zenye alama ya +P, yaani za shinikizo kubwa zaidi. Kila ganda alilitoa na kulizungusha juani akitafuta ufa au uvimbe, na kutazama fataki, ile inayowasha baruti, imegongwa wapi. Yote yalikuwa sawa. Ndipo akanikabidhi.

Nilivuta nyundo kwa dole gumba, nikasikia silinda ikijifunga. Kifyatulio kilikuwa chepesi na safi, hakina mkwaruzo, kazi ya watu waliokwisha kufariki kabla mama yangu hajazaliwa. Risasi ilitua kushoto kidogo ya katikati. Niliendelea kwa utulivu, na matundu yakakaribiana kwenye karatasi. Furaha niliyoipata ilikuwa ya kuona kazi nzuri ya mikono ikitimiza tena kile ilichotengenezewa, bila kumdhuru mtu, mbele ya mzee aliyeirudishia uzima.

Kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya, ambao sheria zetu za silaha ni kali na zina sababu zake, ombi langu ni hili. Ukikuta bastola ya marehemu babu sandukuni, usiijaze risasi kuona kama bado inafanya kazi, wala usiifukie shambani. Usiichezee, toa taarifa kituo cha polisi upewe maelekezo, na uandike kila unachojua kuihusu: ilikuwa ya nani, aliipata wapi, mwaka gani. Silaha ya kale isiyopimwa na fundi haistahili kufyatuliwa hata mara moja.