Kurudi ni kazi kuliko kuondoka



Msimu wa korosho uliopita mjomba alinipigia kutoka Lulindi. Bibi kazidiwa, wanatafuta gari wampeleke hospitali Ndanda. Nikatuma hela ya gari hapo hapo. Kimya. Napiga, hapatikani. Baada ya nusu saa simu ikaita mara mbili, nikashukuru Mungu, halafu ikakatika tena! Nikatuma upya. Usiku meseji zote mbili zikaingia kwa mpigo. Hela imefika mara mbili, mimi nimebaki na nauli ya daladala.

Kilichonikera si mtandao kuondoka. Ni ule mtindo wa kurudi, kuondoka, kurudi. Nikambana jamaa yangu fundi wa mitambo ya simu anieleze.

Akasema seva muhimu hukaa mbili. Moja inafanya kazi, ya akiba inasikiliza. Ile kubwa hutuma ishara kila baada ya muda mfupi, kama mapigo ya moyo. Mapigo yakikosekana mara kadhaa mfululizo, ya akiba inashika usukani. Kama ilikuwa inanakili kumbukumbu muda wote, mteja hata hajui. Kama haikuwa, simu zilizo hewani zinakatika.

Tatizo jingine: pengine kubwa haijafa, ni waya wa katikati tu umekatika. Basi zote mbili zinajiona bosi, na kila moja inaandika hesabu zake. Ndiyo maana mafundi huweka shahidi wa tatu wa kuamua nani aongoze.

Lakini kazi hasa ni kurudisha madaraka. Kubwa ikipona isikurupuke. Kwanza inakili yote yaliyotokea ikiwa imelala, ikae muda ionekane imetulia, ndipo ikabidhiwe, ikiwezekana usiku watu wachache wakipiga. Ikirudi kwa pupa itaanguka tena, na mteja atapata ule mchezo wa washa-zima.

Wamarekani walilijua hilo Januari 15, 1990. Swichi moja ya AT&T jijini New York ilipata hitilafu, ikajizima, ikajiwasha, ikawatangazia wenzake kwamba imerudi. Ujumbe ule ule wa kurudi ukagusa kosa lililokuwa kwenye programu ya majirani, nao wakaanguka. Wakirudi wanaangusha wengine. Swichi 114, zote na programu ile ile, na simu za masafa zikayumba kwa saa tisa hivi. Kuwa na akiba yenye ugonjwa ule ule si akiba.

Sisi tuna ya kwetu. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Wa Masasi tuna bahati ya njia ya pili, kuzunguka Songea na Tunduru. Mbali kweli, lakini ipo. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika karibu pamoja, na intaneti ikayumba vibaya nchi nzima. Nyaya mbili, bahari moja, siku moja!

Kwa hiyo ukisikia kampuni inajisifu kuwa na seva za akiba Dar, uliza pia mnara wa kijijini una njia ngapi za kutokea, na betri zake zinadumu saa ngapi umeme ukikatika. Bibi hakuhitaji seva. Alihitaji simu moja ipite.

Bibi yupo, mzima. Jirani mmoja aliwapa gari kwa mkopo usiku ule, bila kungoja meseji.

Na mjomba? Hela ya pili aliirudisha baada ya wiki. Nikamuuliza mbona kachelewa. Akacheka: "Mpwa wangu, nilitaka kwanza nihakikishe ni yako kweli, na kwamba mtandao umetulia."

Mjomba angefaa kuajiriwa na hao jamaa.