Slievemore: Kuta Bila Paa

Ukibahatika kufika Ireland, msomaji, usiishie Dublin. Panda gari-moshi hadi Westport, kisha basi likuvushe daraja la Michael Davitt uingie kisiwa cha Achill, pwani ya magharibi. Shika jina hilo la daraja, tutalirudia.

Kisiwani ulizia Slievemore. Ireland ina vitongoji vipatavyo 61,000, kila kimoja na jina na mipaka yake ya tangu jadi. Hiki kina jina la mlima ulio juu yake. Kwa Kiairishi, "mlima mkubwa" basi. Kwenye mteremko zimejipanga nyumba zaidi ya 70 za mawe, na hakuna hata moja yenye paa.

Ingia mojawapo. Ni chumba kimoja, mawe yamepangwa bila saruji wala chokaa. Upande mmoja walilala watu, upande wa pili ng'ombe, na joto la mifugo likawafaa wenyeji nyakati za baridi.

Toka sasa utazame ardhi. Matuta hayo yaliyomezwa na nyasi yalikuwa ya viazi, na viazi kwao vilikuwa kama ugali kwetu. Ugonjwa ulipoanza kuviozesha mwaka 1845, nchi ilipoteza watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kwenda ng'ambo. Tena mashamba hayakuwa yao. Viazi vioze visioze, mwenye ardhi alidai kodi yake, na nafaka iliendelea kuuzwa nje. Haya ndiyo yanayokera!

Waliosalia Slievemore hawakuondoka kwa siku moja. Walihamia Dooagh, ufuoni, kwenye samaki, wakawa wanarudi kiangazi tu kulisha ng'ombe, desturi iliyodumu hadi karne ya 20.

Sasa lile daraja. Davitt alizaliwa jimbo hili la Mayo, na familia yake ilifukuzwa shambani yeye akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1879 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Ardhi, na baada ya mapambano marefu wakulima wakaweza kununua mashamba waliyoyalima. Kwa Slievemore, dawa ilifika mgonjwa kishahama.

Wanakisiwa bado huzikana chini ya mlima huo, kwa hivyo pita makaburini kwa adabu. Vaa buti, ardhi ni chepechepe. Na usipande juu ya kuta. Mawe yale hayashikiliwi na chochote.