Bububu, Kijiji cha Maji



Kaskazini ya mji wa Unguja, kiasi cha kilomita 10 kwa njia ya pwani, kipo kijiji cha Bububu. Watoto wetu waliozaliwa ugenini hulicheka jina hili, kisha huuliza limetoka wapi. Wapo wazee wanaowajibu kwamba ni mlio wa gari la moshi. Ni kweli kuwa gari la moshi lilikuwapo. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya maili 7 kutoka mjini hadi Bububu, ikaanza kazi mwaka 1905. Serikali iliinunua mwaka 1911, na kabla ya miaka ya 1930 reli hiyo ilikuwa imekwishafungwa.

Hata hivyo, jawabu hilo halisimami. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, alitoa kitabu cha maisha yake huko Ujerumani mwaka 1886, na humo ameeleza jinsi alivyoishi Bububu. Jina, basi, liliitangulia reli kwa miaka isiyopungua 19. Yenye nguvu zaidi ni kauli ya wazee wengine, wasemao kuwa Bububu ni sauti ya maji yabubujikayo ardhini.

Nayo maji ndiyo heshima ya upande huo. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi za huko kwa mabomba, na watu wa mjini wakanywa maji safi. Shamba ndilo lililounywesha mji.

Leo mji umelifuata shamba. Kuanzia Mtoni, kupitia Kibweni, hadi Bububu yenyewe, nyumba zinakaribia kushikana, na si chache zimejengwa kwa fedha tulizozichuma ughaibuni. Kujenga kwetu si kosa. Lakini kabla ya kulipia kiwanja, na tuwaulize wenyeji maji yanapita wapi, na miti ipi inayahifadhi. Dini yetu imetufundisha kuwa kumnywesha mtu maji ni sadaka. Kuyaziba, basi, ni kuwanyima watu haki yao. Reli iliondoka na kijiji kikabaki. Chemchemi zikikauka, tutawarithisha watoto wetu jina tupu.